Lifti ya mashua inapokataa kazi: pima maji kabla hujafungua mashine

Lifti ya mashua huhamisha chombo kati ya mfereji wa chini na wa juu bila kukitoa majini. Chombo kinaingia kwenye beseni kubwa la chuma lililojaa maji, malango yanafungwa, kisha beseni zima linapanda au kushuka. Ukiacha umeme na kutu, hitilafu nyingi za mashine hizi huanzia kwenye sentimita chache za maji yaliyozidi au yaliyopungua. Kwa hiyo agizo la kwanza, ambalo litajirudia humu, ni kushika rula na kusoma kina cha maji kabla ya kushika spana.

Sababu yake ni hii. Chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawasawa na wake. Beseni lenye mashua ya tani 40 na beseni lenye maji matupu huwa na uzito mmoja, mradi kina ni kilekile. Usipoteze muda kuuliza mashua ina mzigo gani. Uliza maji yako sentimita ngapi.

Kila fundi aijue hesabu ya lifti yake kwa kichwa. Zidisha urefu wa beseni kwa upana wake, kwa mita, kisha gawa kwa 100: hizo ndizo tani zinazoongezeka kwa kila sentimita moja ya maji. Anderton, Uingereza, lifti iliyofunguliwa mwaka 1875, beseni lake ni mita 22.9 kwa 4.7, kwa hiyo sentimita moja ni tani 1.1. Peterborough, Kanada, ya mwaka 1904, ni mita 42.7 kwa 10: tani 4.3. Niederfinow ya zamani, Ujerumani, ya mwaka 1934, ni mita 85 kwa 12: tani 10.2. Mtu akikwambia maji yamepungua "kidogo tu" huko Niederfinow, sentimita tano, anazungumzia tani 51.

Usalama kabla ya uchunguzi

Lifti iliyosimama ghafla bado imebeba mamia au maelfu ya tani, na inaweza kuondoka yenyewe mara kile kilichoizuia kinapoachia. Ingiza makomeo ya beseni, au ya mabeseni yote mawili ikiwa lifti yako ni ya pacha. Ikiwa beseni limesimama katikati, mahali pasipo na komeo, funga vali kuu kwa mkono, weka breki, ondoa fyuzi za mota na ufunguo ukae mfukoni mwa mtu mmoja. Washushe abiria. Mtu yeyote asiingie kwenye shimo chini ya beseni mpaka nguzo za chuma zimewekwa kulibeba. Presha ya mafuta au maji si nguzo.

Beseni la juu halishuki, au linasimama njiani

Hii ndiyo dalili inayochanganya watu zaidi katika lifti za mabeseni pacha yanayosukumana kwa pistoni, na ndiyo inayostahili hesabu kamili. Tuchukue Peterborough. Kila beseni limekaa juu ya pistoni moja yenye kipenyo cha mita 2.3. Silinda mbili zimeunganishwa na bomba, na katikati ya bomba kuna vali. Beseni la juu husimamishwa sentimita 30 chini ya usawa wa mfereji wa juu. Lango likifunguliwa, maji yanaingia mpaka yalingane. Zile sentimita 30 ni tani 130 za ziada. Vali inapofunguliwa, beseni zito linashuka na kulisukuma lenzake lipande mita 19.8, bila pampu kusukuma.

Nguvu hiyo haibaki ileile safari nzima. Mwanzoni, mguu wa pistoni ya juu uko karibu mita 20 juu ya mguu wa pistoni ya chini, na uzito wa nguzo hiyo ya maji unasaidia kuinyanyua pistoni ya chini kwa takriban tani 80. Mwishoni mambo yamegeuka, na nguzo ileile inapinga kwa tani 80. Msukumo halisi ni zaidi ya tani 200 mwanzoni, tani 130 katikati, na karibu tani 50 tu mwishoni. Mahali beseni linaposimama, basi, panakwambia pa kutafuta.

Likiwa haliondoki kabisa, usihangaike na kina cha maji. Tani 200 zinatosha kushinda upungufu mdogo. Tafuta kitu kinachoshika: komeo ambalo taa inaonyesha limetoka lakini chuma chenyewe kimebaki, fremu ya mpira wa lango (inayoziba pengo kati ya beseni na mfereji) ambayo haijarudi nyuma, vali kuu ambayo gurudumu lake linazunguka huku mhimili wake umekatika ndani. Weka geji ya presha kila upande wa vali na ulinganishe masomo yakiwa yamerekebishwa kwa usawa mmoja. Ikiwa umeagiza vali ifunguke na tofauti imebaki kubwa, haijafunguka, hata kama paneli inasema vingine.

Likianza vizuri, likapunguza mwendo na kusimama mita moja hadi tatu kabla ya mwisho, tatizo ni upungufu wa maji ya ziada au msuguano. Soma kina katika mabeseni yote mawili, kila moja kwenye pembe nne, uchukue wastani. Tuseme tofauti ni sentimita 20 badala ya 30. Umepoteza tani 43 kutoka kwenye akiba ya tani 50 za mwishoni. Zilizobaki zinamezwa na pakingi, yaani kizibo kinachoizunguka pistoni kuzuia uvujaji, na lifti inasimama. Upungufu huo huja kwa njia kadhaa: 

- Mfereji wa juu umeshuka. Upepo unaovuma muda mrefu kuelekea upande mmoja, au malango ya jirani kumwaga maji, hutosha kuushusha kwa sentimita kadhaa. Subiri urudi, au shusha kidogo kituo cha beseni la juu ili liingize maji yanayotakiwa.
- Lango la chini lilifungwa wakati wimbi la chombo kilichotoka au kuingia bado halijatulia, hivyo beseni la chini likafungia maji mengi. Fungua upya, subiri maji yatulie, funga tena.
- Beseni la juu linavuja baada ya kufungwa. Utaliona kwenye jaribio la uvujaji, hapa chini.
- Beseni la chini lina tope. Maji husomeka kwenye kina kilekile, lakini tope limechukua nafasi ya maji nalo ni zito kuliko maji. Tabaka la sentimita 5 katika beseni la Peterborough laweza kuongeza takriban tani 10 ambazo rula haitakuonyesha. Pima kutoka juu hadi sakafu ya chuma kwa fimbo yenye ncha, si hadi pale rula inapoishia yenyewe.

Maji yakiwa sahihi na bado beseni linasimama, chunguza msuguano. Pakingi iliyokazwa kupita kiasi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, hasa kama kuna mtu aliikaza wiki hiyo kuzuia mchirizi. Legeza nati za kola inayoibana kwa robo mzunguko kila moja, ukifuata nati zinazotazamana, mpaka mchirizi mwembamba uonekane. Pakingi kavu kabisa kwenye pistoni kubwa ni dalili mbaya: inaungua, inakauka, inachimba chuma.

Likisimama kila mara kwenye urefu uleule, iwe linapanda au linashuka, achana na maji na pakingi. Kuna kiungo cha reli ya mwongozo kilichotoka mstari, bolti iliyojitokeza, au kipande cha gogo kwenye reli. Weka chaki mahali hapo, shuka kwa mwendo wa taratibu, tazama mwongozo wa beseni unavyopita.

Usitibu upungufu wa msukumo kwa kuongeza tu maji ya ziada. Beseni litafika, lakini litafika kwa kasi kubwa, breki na vali zitachukua mzigo usiokusudiwa, na kasoro ya kweli itaendelea kukua.

Tena, si kila kusimama ni hitilafu. Anderton ya awali ilitumia tofauti ya sentimita 15 tu, yaani tani 16 hivi, na beseni lake la chini lilikuwa linaingia ndani ya maji ya mto Weaver, ambako lilielea kidogo na kupoteza uzito. Lilikuwa lazima lisimame kabla ya mwisho. Wabunifu walijua hivyo: sehemu ya mwisho ya safari ilimaliziwa kwa presha iliyohifadhiwa kwenye mtambo wa pembeni uliojazwa na pampu ya mvuke. Soma michoro ya lifti yako kabla hujarekebisha kitu ambacho ndivyo kilivyoundwa.

Beseni linashuka lenyewe polepole

Funga vali ya katikati, toa vyombo vyote, weka alama kwenye reli za mabeseni mawili, na subiri saa moja. Majibu ni matatu, na kila moja lina maana yake.

Moja limeshuka na lenzake limepanda kwa kiasi kilekile: vali ya katikati inapitisha. Mara nyingi ni uchafu kwenye kikalio chake, pale vali inapokaa ikifungwa. Ifungue na kuifunga mara mbili tatu ili mkondo uusafishe. Ikishindikana, vali itolewe na kikalio kisagwe upya.

Moja limeshuka, lenzake halijasogea: kimiminika kinatoka nje upande huo. Tazama pakingi, viungio vya bomba, vali za kutolea hewa, kisha sakafu ya kisima cha silinda. Kisima kikiwa kinapokea maji ya ardhini, tia rangi ya kupimia kwenye mfumo wa maji. Kwenye mfumo wa mafuta, utando juu ya maji ya kisimani utajionyesha.

Yote mawili yameshuka: uvujaji uko kwenye kitu yanachokitumia pamoja, kwa kawaida bomba la kujazia au vali ya kupunguzia presha.

Ukikuta unyevu unatoka kwenye mwili wa silinda, si kwenye kola, lifti isimame siku hiyohiyo. Mwaka 1882 silinda ya chuma cha kusubu ya Anderton ilipasuka wakati beseni liko juu na mashua ndani yake. Beseni lilishuka kwa kasi. Maji yaliyotoka kwenye ufa yalipunguza mwendo wake kiasi, na maji ya mtoni chini yalipokea kishindo, na hakuna aliyeumia. Silinda ya pili iliposhinikizwa kwa majaribio, nayo ikashindwa. Chuma cha kusubu hakipindi kabla ya kuvunjika, kwa hiyo hakitoi onyo refu. Lifti za Ubelgiji zilizofuata kwenye Canal du Centre, ya kwanza mwaka 1888, silinda zake zilivishwa pete za chuma cha pua, imara zaidi, zilizobanwa moja juu ya nyingine.

Mwendo wa mishtuko

Beseni linakwenda, linagoma, linaruka, linakwenda tena. Ukisikia mlio wa chini kila linaporuka, pistoni inashikwa na pakingi kavu na kuachia. Lainisha, legeza kola, kagua uso wa pistoni.

Ikiwa hakuna mlio, na beseni linacheza juu na chini kidogo linaposimama, kuna hewa kwenye mfumo. Kimiminika chenye hewa hubonyea. Toa hewa kwenye vali za sehemu za juu kabisa za bomba, huku beseni liko kwenye komeo, mpaka mkondo utoke bila mapovu. Kisha tafuta hewa ilikoingilia: usawa wa tangi la akiba ulioshuka chini ya mdomo wa pampu, au kiungio cha upande wa kuvuta kilicholegea. Kutoa hewa bila kuziba mlango wake ni kujipa kazi ya kila wiki.

Kwenye mifumo ya mafuta, angalia rangi. Mafuta yaliyogeuka kama maziwa yana maji. Tone moja juu ya bati la moto likitoa milio ya kukatika-katika linathibitisha. Badilisha mafuta na chujio, lakini kwanza fahamu maji yalipita wapi. Mara nyingi ni mpira wa kufutia pistoni uliochakaa, unaoacha umande na mvua viingie kila pistoni inaporudi ndani.

Pistoni iliyochimbika

Mifereji ya wima kwenye pistoni huharibu pakingi mpya ndani ya muda mfupi, kwa hiyo ukibadilisha pakingi mara kwa mara, acha na upapase pistoni kwa ukucha. Anderton ndiyo funzo kubwa hapa. Silinda zake zilijazwa maji ya mfereji, na mfereji ule ulipita kwenye eneo la viwanda vya chumvi na kemikali. Chuma kikalika. Mafundi wakajaza mashimo kwa shaba nyekundu, na hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu metali mbili tofauti ndani ya maji yenye asidi au chumvi huwa betri, na chuma ndicho kinacholiwa. Mwaka 1897 walihamia maji yaliyokenekwa, ulaji ukapungua lakini haukuisha. Kati ya 1906 na 1908 pistoni ziliachwa kabisa, wakaweka mota za umeme na mizigo ya kusawazisha. Lifti ilifungwa 1983 kwa kutu ya nguzo zake na ikarudi kazini 2002, safari hii ikitumia tena pistoni, lakini kwa mafuta.

Kwa hiyo: usijaze shimo la pistoni kwa metali nyingine bila kujua zitakavyoishi pamoja. Mikwaruzo midogo isuguliwe kwa jiwe laini kuzunguka pistoni, si kwa wima. Mikubwa inahitaji kiwanda chenye uwezo wa kupaka kromu au seramiki na kusaga upya.

Mota inavuta umeme mwingi kuliko kawaida

Hapa tunahamia lifti za kamba na mizigo ya kusawazisha, kama Niederfinow na Strépy-Thieu ya Ubelgiji. Beseni la Niederfinow na maji yake lina tani 4,300, limening'inia kwenye kamba 256 za chuma zenye unene wa milimita 52, na mizigo 192 upande wa pili. Kwa sababu mizani imekaa sawa, mota nne za takriban kilowati 55 zinatosha kulipandisha mita 36 kwa dakika tano. Mota hizo zinashinda msuguano na tofauti ndogo tu. Zikianza kulemewa, ammita ndiyo daktari wako.

Soma ampea za safari moja ya kupanda na moja ya kushuka, kina cha maji kikiwa kilekile. Zikiwa juu kupanda na chini kushuka, beseni ni zito mno. Zikiwa chini kupanda na juu kushuka, ni jepesi mno. Zikiwa juu pande zote mbili, ni msuguano. Vipimo hivi viwili vinaokoa siku nzima ya kufungua giya zisizo na kosa.

Uzito ukiwa ndio tatizo, rudi kwenye rula. Pima pia tope, barafu iliyoshika kuta za nje, na rangi au vyuma vilivyoongezwa kwenye ukarabati wa karibuni. Lifti ikipakwa rangi upya au kuwekewa ngazi, mizigo ya kusawazisha lazima ihesabiwe tena. Barafu kwenye mizigo yenyewe huvuta upande wa pili.

Msuguano ukiwa ndio tatizo, pima joto la nyumba za beringi za makapi (magurudumu yanayopitisha kamba) kwa kipimajoto cha mbali baada ya safari tatu mfululizo. Kapi moja lenye joto kuliko majirani zake ndilo hilo. Kagua breki pia, ikiwa haijaachia yote utanusa kabla hujaona.

Ampea zikipanda taratibu kadiri beseni linavyopanda au kushuka, na kubadilika kwa mpangilio uleule kila safari, tazama minyororo ya kusawazisha. Kamba ya unene ule ina karibu kilo 10 kwa mita. Kamba 256 kwa mita 36 ni zaidi ya tani 90 zinazohama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Minyororo inayoning'inia ipo kufuta tofauti hiyo. Ukikuta mmoja umekwama kwenye mwongozo wake au kiungo kimekatika, umepata jibu.

Strépy-Thieu ina jambo lake. Kina cha maji kwenye beseni lake la mita 112 kwa 12 kinaruhusiwa kati ya mita 3.35 na 4.15, tofauti ya zaidi ya tani elfu moja. Kwa hiyo ampea za leo zisilinganishwe na za jana bila kuandika kina cha siku zote mbili pembeni yake.

Beseni limeinama

Simamisha. Hii si dalili ya kumalizia zamu kwanza. Maji hukimbilia upande ulioshuka na kuuongezea uzito, na uzito huo unaushusha zaidi. Beseni la mita 85 kwa 12 likiinama sentimita 10 kutoka kichwa hadi kichwa, karibu tani 13 za maji huhama kwenda nusu ya chini. Kinachozuia lisipinduke ni mihimili inayounganisha giya za pembe nne zizunguke pamoja.

Ondoa vyombo ikiwa kuna njia salama, kisha soma kina pembe zote nne. Mwinamo unaokuwapo hata lifti ikiwa imesimama kwenye komeo ni wa komeo au wa kituo. Unaoanza njiani na kukua ni wa giya, mhimili au kiungio cha mihimili kilichoteleza. Chora mstari wa rangi kwenye mhimili na viungio vyake, mstari ukikatika unaona kilichoteleza. Unaokuwapo daima na haukui ni wa kamba.

Kamba mpya hurefuka miezi ya mwanzo, tena hazirefuki sawa. Pima mvuto wa kila moja kwa jeki ya kwenye kishikio chake na urekebishe skrubu, ukianza na zilizolegea, kidogo kidogo, ukirudi mwanzo wa safu kila mara, kwa kuwa kukaza moja kunalegeza jirani. Kamba yenye nyuzi zilizokatika karibu-karibu, iliyopungua unene ghafla mahali pamoja, au inayotoa unga mwekundu ukiipinda, haifai kukazwa. Ibadilishwe kwa kufuata mpaka wa mtengenezaji. Unga huo mwekundu ni kutu ya ndani, na grisi ya juu inaweza kuuficha kwa miaka.

Niederfinow ina kinga inayostahili kusifiwa na kukaguliwa kila mara: nguzo nne zenye hesi za ndani, na kwenye kila nguzo skrubu kubwa inayozunguka sambamba na mwendo wa beseni bila kugusa hesi. Mizani ikivunjika, kwa mfano maji yakimwagika, beseni linasogea kidogo, nafasi inafungika, na skrubu inalala juu ya hesi na kulishika. Nafasi hiyo ipimwe juu na chini. Ikiwa si sawa pande mbili, beseni tayari limeelemea upande mmoja, hata kama mota hazijalalamika.

Malango na maji yanayovuja

Beseni likifika, fremu ya mpira inasogea na kuziba pengo kati yake na mfereji, vali ndogo inajaza pengo, maji yanalingana, malango mawili yanafunguka pamoja.

Pengo halijai: vali ya kujazia imeziba kwa majani, au vali ya kutolea imebaki wazi. Linajaa kisha linashuka: mpira haujakaa. Tafuta kijiti, mfuko wa plastiki, au mpira uliochanika kwenye pembe za chini, ambako huchanika kwanza. Kipande cha mpira kinachobandikwa pembeni kisiwe na kiungio kwenye pembe yenyewe. Weka kiungio kwenye upande ulionyooka.

Lango halinyanyuki: usiongeze nguvu. Lango la mita 12 lenye maji ya kina cha mita 2.5 pande zote mbili, likiwa na tofauti ya sentimita 10, linasukumwa kwa karibu tani 3 dhidi ya reli zake. Acha maji yalingane. Ikiwa hayalingani, beseni limesimama pasipo pake au vali ya kusawazisha haipitishi.

Jaribio la uvujaji ni jepesi: beseni kwenye komeo, malango yamefungwa, hakuna chombo, hakuna upepo. Soma kina, subiri nusu saa, soma tena. Kila milimita kwenye beseni la Peterborough ni lita 430.

Swichi zinazozuia beseni kusogea wakati lango liko wazi zisiwahi kuunganishwa kwa waya ili kazi iendelee. Januari 2002, kwenye lifti namba 1 ya Canal du Centre huko Houdeng-Goegnies, beseni lilianza kunyanyuka wakati chombo kinatoka, kikanaswa, na lifti ikaharibika. Jaribu kila swichi asubuhi kwa kuitenganisha moja moja na kuagiza safari: lifti ikikubali kuondoka, haifungui siku hiyo.

Chombo ndicho chenye kosa

Chombo kilichogusa sakafu ya beseni hakielei tena, na kanuni ya mizani imevunjika: kinasukuma maji machache kuliko uzito wake, na beseni linazidi. Dalili ni kamba za kufungia zilizolegea huku chombo hakichezi hata ukikisukuma kwa mkono. Kitoe kabla ya safari. Nahodha anayetumia pampu ya ngama (ya kutoa maji yaliyokusanyika chini ya chombo) wakati lifti inakwenda haharibu mizani ya beseni lake maji yakimwagwa humohumo. Akiyamwaga nje, anaharibu. Injini zizimwe, maana propela inasukuma maji upande mmoja na maji yanayorundikana kwenye kichwa kimoja cha beseni yanapotosha kila kipimo.

Gurudumu la Falkirk

Falkirk Wheel ya Uskoti, iliyofunguliwa 2002, inazungusha mabeseni mawili yenye lita 250,000 kila moja na kunyanyua mita 24 kwa kilowati 22.5. Viwango vya maji vya mabeseni haviruhusiwi kupishana zaidi ya milimita 37. Mfumo ukikataa kuzunguka, hicho ndicho cha kwanza kukitazama. Cha pili ni shimo la chini: limeundwa liwe kavu, na pampu yake ikisimama, beseni la chini linagusa maji, linaelea, na gurudumu linagoma au linalemewa upande mmoja.

Mabeseni hubaki wima kwa giya: moja isiyozunguka katikati, mbili za kati, na mbili kubwa kwenye mabeseni. Beseni linaloyumba kidogo mwanzoni mwa mzunguko lina nafasi iliyozidi kati ya meno. Pima kwa kuweka waya laini wa metali ya risasi kati ya meno, zungusha taratibu, upime unene wake uliobanwa. Mikono ya gurudumu imefungwa kwa maelfu ya bolti badala ya kuchomelewa, ili chuma kinachogeuzwa upande kila mzunguko kisichoke kwenye vichomeleo. Ukikuta mstari wa kutu unaotiririka kutoka kichwa cha bolti, hiyo imelegea na inacheza. Ibadilishe, usiikaze tena tu, na kagua majirani zake.

Kuirudisha kazini

Baada ya matengenezo yoyote yanayogusa kamba, pistoni, vali, giya au malango, fuata mpangilio huu na usiruke hatua. Safari ya kwanza bila chombo, kwa mwendo wa robo, mtu mmoja kila pembe na redio mkononi. Ya pili kwa mwendo kamili, ukiandika ampea au presha kila mita mbili. Ya tatu, simamisha ghafla katikati kwa kitufe cha dharura na upime beseni limesogea kiasi gani kabla ya kushika. Kisha saa moja kwenye komeo, ukisoma kina mwanzo na mwisho. Baada ya hapo ndipo chombo cha kazi, kisicho na abiria, kiende juu na chini mara moja. Masomo yote yaandikwe kwenye daftari la lifti pamoja na kina cha mifereji yote miwili na joto la hewa, kwa sababu kesho utakapotaka kujua kama ampea zimepanda, utahitaji za leo.